Zungusha kikombe mara 2 mkono unyooke

Chukua kikombe cha chai kiweke juu ya kiganja, kizungushe mzunguko mzima bila kumwaga, unakipitisha chini ya kwapa, utaona kikombe kimerudi kama kilivyokuwa ila mkono umejisokota kiwiko kinaangalia juu. Usirudi nyuma, endelea upande ule ule, safari hii kipitishe juu ya kichwa, na mkono unanyooka wenyewe. Mzunguko 1 hautoshi, 2 ndo zinafungua.

Hapo umeshapiga hesabu ya topolojia, ile inayoangalia maumbo bila kujali kunyooshwa wala kupindwa. Mizunguko yote ya kitu angani inaunda kundi la Lie (mkusanyiko wa mageuzo unayoweza kuyaunganisha na kuyabadilisha kidogo kidogo bila kuruka) linaitwa SO(3), na vitanzi ndani yake, yaani njia zinazorudi zilipoanzia, viko vya aina 2 tu, vinavyosinyaa mpaka nukta na visivyosinyaa: mzunguko 1 wa kikombe hausinyai, 2 zinasinyaa. Kundi linalolifunika mara 2, yaani kila mzunguko una wawakilishi 2 humo, ni SU(2), na hilo kwa umbo ni tufe la dimensheni 3 (ngozi ya mpira ni tufe la dimensheni 2).

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni alichothibitisha mwanahisabati Heinz Hopf mwaka 1941: kundi lolote la Lie lililo kompakti (halitoroki kwenda mbali bila mwisho) na la kipande kimoja, ukiruhusu sehemu kama nusu na theluthi kwenye hesabu, kohomolojia yake (hesabu ya matundu yake kwa kila dimensheni) ni sawa na ya matufe ya dimensheni witiri yaliyozidishwa pamoja. Witiri tu! Mfano SU(3), linazungusha vekta za urefu 1 kwenye namba changamano 3, vekta hizo ni tufe la dimensheni 5, kwa kifupi tufe la 5, na matriksi zinazoiacha vekta moja pale pale ni SU(2) yaani tufe la 3, kwa hiyo ukiandika kila tufe kama 1 jumlisha t yenye kipeo cha dimensheni yake, unapata (1+t³)(1+t⁵), ukizidisha inatoka 1+t³+t⁵+t⁸, na ile 8 ya mwisho ndo dimensheni ya SU(3) yenyewe. Mi kila nikimaliza naangalia hiyo ya mwisho kwanza, isipolingana basi nimekosea mahali. Hata lile jitu E8, kundi jingine la Lie, matufe yake ni ya 3, 15, 23, 27, 35, 39, 47 na 59, jumlisha kwa penseli, 248 kamili, ndo dimensheni yake.

Lakini usiseme SU(3) ni tufe la 3 mara tufe la 5, hapana. Ukilitandaza tufe la 4 ndani ya tufe la 3 kuna msokoto mmoja usiofunguka, ukiurudia mara 2 unafunguka, yaani tabia ile ile ya kikombe. Ndani ya SU(3) msokoto huo unafunguka hata ukiwa mmoja, kwa sababu tufe la 5 limejifunga humo kwa namna inayoufungua, na ile polinomia nzuri, 1+t³+t⁵+t⁸, haikuambii kitu kuhusu hilo. Nenda Sp(2), kundi jingine la Lie ambalo matufe yake ni la 3 na la 7, huko msokoto unabaki, la 7 liko juu mno haliufikii.