Mei Mosi Yangu Jikoni, Singida 2025

Saa 10 alfajiri. Upepo wa Singida mwezi wa Mei hauna huruma, kwa hiyo sweta inaingia ndani ya sare na napanda bodaboda. Leo sherehe za Mei Mosi kitaifa ziko mjini kwetu, Uwanja wa Bombadia, na mgeni rasmi ni Rais. Hoteli imejaa wajumbe wa vyama vya wafanyakazi. Mimi ni mpishi, na wajumbe lazima wale.

Saa 11. Kabla ya kuwasha jiko naandika muda wa kuingia kwenye daftari langu mwenyewe, mbali na lile la getini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iko wazi: ukifanya kazi siku ya sikukuu, kila saa inalipwa mara mbili ya mshahara wa msingi. Kwa mwajiri wangu wa zamani tulikuwa tunapewa soda na sahani ya wali, basi, na hakuna aliyekuwa na maandishi ya kudai zaidi.

Kisha supu. Kuku wa kienyeji hataki haraka: tangawizi, kitunguu saumu, chumvi, moto wa wastani. Mafuta ya njano yakianza kuelea juu, hapo ndipo unaonja. Pembeni wenzangu wawili wanasukuma chapati.

Saa 1 asubuhi ukumbi umejaa fulana za CWT, chama cha walimu, na kofia za vyama vingine: TUGHE ya serikali na afya, TALGWU ya serikali za mitaa na TAMICO ya migodi. Bango limeegemezwa ukutani, herufi zake nyekundu bado mbichi, na mama mmoja anamfokea kila anayepita karibu nalo. Namwamkia mzee wa migodini.

“Marahaba, mwanangu. Na wewe kofia yako iko wapi?”

“Iko nyumbani, baba. Mimi ni CHODAWU, chama chetu cha wafanyakazi wa hoteli, ila leo niko zamu.”

Anasimulia meza nzima habari za wafanyakazi wa Chicago mwaka 1886, waliogoma wakidai siku ya kazi iwe saa 8, na waliouawa kwa ajili hiyo. Anasema kwa sauti, meneja akiwa amesimama pale pale. Moyo wangu ulifurahi mno.

Saa 4 wote wameshaondoka. Tunachambua mchele wa pilau. Saa 5 napumzika dakika 60, kamili, kama sheria inavyotaka.

Mchana televisheni ya ukumbini inatangaza: kima cha chini cha mshahara kwa watumishi wa umma kinapanda kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, kuanzia Julai. Tunapiga makofi jikoni. Dada yangu ni mwalimu, najua mshahara ule unalisha watu wangapi. Lakini sisi wa hoteli tuko sekta binafsi; kima chetu kinatokana na Amri ya Mishahara inayotolewa na Waziri wa kazi, na huko, Mei hii ya 2025, bado tunasubiri. Nadhani ndiyo sababu hasa ya kuwa na chama imara mahali kama hapa, ambapo vijana wengi huogopa hata kujaza fomu.

Saa 9 alasiri naandika muda wa kutoka: saa 9 za kazi ukiondoa mapumziko. Kijana anayeosha vyombo ananiuliza naandika nini. Namwonyesha, namchania ukurasa, namwazima kalamu. Anaanza na tarehe.