Kusoma mwaka kwenye makaburi ya Heiliger Sand, Worms

Jiwe kongwe linalosomeka katika makaburi ya kale ya Wayahudi mjini Worms, Ujerumani, ni la 1058/59. Mkwaju huo una sababu: mwaka wa Kiyahudi huanza Septemba au Oktoba, hivyo hugusa miaka miwili ya kalenda yetu.

Mwaka huo huandikwa kwa herufi za Kiebrania, kila herufi ikiwa namba. Aliyefundishwa abjadi chuoni, yaani hesabu ya herufi za Kiarabu, hatababaika. Alefu ni 1, yodi 10, kofu 100, reshi 200, shini 300, tau 400. Kiarabu huendelea hadi 1000, lakini Kiebrania huishia hapo, kwa hiyo 500 huandikwa tau na kofu. Tarehe 15 nayo haiandikwi yodi na he, kwa kuwa hizo ni herufi za jina la Mungu. Huandikwa tethi na wau, yaani 9 na 6.

Kinachowapoteza wengi ni elfu, kwani mara nyingi mchongaji huiacha. Ukikuta tau, kofu na nuni (50), hiyo ni 550, kwa ukamilifu 5550. Kwenye 550 ongeza 1240, upate 1790 wa kalenda yetu. Mwezi ukiwa Tishri, Heshvani au Kisleu, yaani mitatu ya mwanzo wa mwaka wa Kiyahudi, punguza mmoja. Mawe ya kabla ya 1240 huongezewa 240 tu. Pale Worms kosa hujifichua lenyewe: 837 ukiiongezea 1240 inakuwa 2077! Jibu ni 1077.

Kisha kuna uchakavu. Mawe mengi ni ya mchanga mwekundu, hubanduka maganda, na daleti (4) iliyolika haitofautiani na reshi (200). He na hethi vilevile, bethi na kafu vilevile. Usisugue kwa brashi ya waya wala kupaka chaki, utamaliza kilichobaki. Mulika tochi kwa ubavu, herufi zitatoa kivuli. Siku ya juma ikiwa imeandikwa, ilinganishe na tarehe. Ni shahidi mzuri kuliko macho.

Jumamosi na sikukuu za Kiyahudi usiende, hapafunguliwi. Wanaume hufunika kichwa. Baraghashia inatosha kabisa.

Vijiwe vilivyowekwa juu ya makaburi si takataka, viache. Vimejaa hasa kwa Rabi Meir wa Rothenburg, aliyefia kifungoni mwaka 1293. Maiti yake ilikombolewa kwa fedha mwaka 1307 na Alexander ben Salomo, ambaye naye amezikwa ubavuni mwake.