Venye nilijua kichwa changu kinakula bando ngapi

Mara ya kwanza niliaibika Kondele, hapa Kisumu. Nilikuwa na harusi ya binamu Jumamosi, so Ijumaa jioni nikanunua bando mbili za nywele za kushonea (weave) za inchi 22, nikajiambia ndefu hivi si itajaza kichwa chote na ibaki. Msusi akanisuka matuta ya kuzunguka, akaanza kushona kutoka kisogoni akipanda, mimi niko kwa simu sina habari. Kufika juu ya masikio naskia sindano imetulia. "Siz, nywele imeisha." Kuangalia kioo, huku nyuma imemwagika hadi mgongoni, juu ni matuta matupu kama shamba limelimwa halijapandwa. Na maduka yashafungwa. Harusini nilienda na kilemba, shangazi akaniuliza nimeokoka lini.

Msusi ndiye alinieleza. Bando nyingi za nywele za binadamu ni gramu 100, iwe inchi 10 ama 22. Uzito ni ule ule, kwa hivyo nywele ikiwa ndefu utepe wake, ile mistari nywele zimeshikiliwa nayo juu na ndiyo hushonwa kichwani, unakuwa mfupi. Mimi nilikuwa nanunua urefu na kichwa kinataka utepe!

Mara ya pili nilisukwa kwanza ndio nikaenda kununua. Kabla sijatoka kwa kiti nilimwambia achukue uzi aufuatishe juu ya matuta kutoka kisogoni mpaka utosini, akate hapo. Tukapima na futi ya fundi wa nguo wa mlango wa pili: mita 2 na nusu. Na yeye hukunja utepe mara mbili, ukishonwa moja moja unakaa mwepesi neti ya kufunika matuta inaonekana, kwa hivyo hesabu ni mita 5. Nikajifunga leso, boda hadi tao. Muuzaji hakutaka kufungua bando ya inchi 16 tuipime hadi nikalipa, sawa tu, ilitoka mita moja na nusu. Tatu ni mita 4 na nusu, hapo utosini klosha (kakipande ka nywele ka kufunika juu) ya inchi nne kwa nne ikamalizia. (Wale husema mbili zinatosha kila mtu, labda wanashona bob ya inchi 10.)

Ilitosha, ikabaki kakipande ka shibiri hivi. Muuzaji alikuwa ameniuliza kama ya inchi 22 sitaki tena, nikamwambia hiyo tuwaachie wenye pesa ya bando tano.