Zafarani ilivyonisaidia zile siku kabla ya hedhi

Wadada wenzangu, mi kila hedhi ikikaribia nilikua hata mwenyewe sijielewi, hasira za karibu, kulia ovyo, matiti yanauma, usingizi hakuna. Dokta akanipima akasema sina ugonjwa, ni homoni tu.

Sasa sisi watu wa pwani zafarani, zile nyuzi nyekundu za ndani ya ua, tumezaliwa tumeikuta, iko kwenye biriani, kwenye halua, na kwenye kombe, zile aya za Kurani zinaandikwa kwa zafarani kwenye sahani alafu zinaoshwa kwa marashi mgonjwa anakunywa, ila kuinywa kwa ajili ya hedhi sikuwahi kuwaza mpaka nikasoma utafiti wa Tehran wa 2008, wanawake walipewa miligramu 15 mara mbili kwa siku kwa mizunguko miwili wakapata nafuu kuliko waliopewa vidonge vitupu visivyo na dawa. Kipimo hichohicho cha 30 kwa siku wamekijaribu pia kwa watu wenye huzuni isiyo kali, na matokeo mazuri, japo tafiti zenyewe ni ndogondogo.

Mizani ya miligramu nani anayo nyumbani? Nikapiga hesabu hivi: ua moja lina nyuzi tatu tu na kilo moja inataka maua kama 150,000, kwahiyo uzi mmoja ni kama miligramu mbili. Bas nyuzi saba asubuhi, saba jioni. Nazisaga na sukari kidogo kwenye kinu, namwagia maji ya moto kiasi, nafunika dakika ishirini hivi mpaka rangi itoke yote, nakunywa.

Lakini iwe ya kweli jamani, sio ule unga wa rangi ya biriani! Tia nyuzi kwenye maji baridi, ya kweli inatoa rangi ya dhahabu polepole na uzi unabaki mwekundu, ya uongo maji yanakua mekundu hapohapo.

Mwezi wa kwanza sikuona kitu, wa pili kile kilio kikapungua sana na nikaanza kulala, matiti bado yanauma vilevile, siwadanganyi. Gramu moja inafika kama mwezi, ghali ndio, ila kwangu inafaa.

Mwenye mimba asiinywe kama dawa, na msizidishe mkidhani itafanya haraka, gramu tano kwenda juu ni sumu. Kama unatumia vidonge vya huzuni au vya kuzuia damu kuganda muulize dokta wako kwanza, mi wangu nilimuuliza kabla sijaanza.