Nilivyofundisha wanga wa vyakula bila maabara

Nafundisha baiolojia katika shule ya sekondari hapa Busia, upande wa Uganda. Majaribio kwetu yalizoeleka kuwa ya kidato cha nne tu, mtihani wa UNEB, baraza la mitihani la Uganda, ukishabisha hodi. Mtaala ulioanza mwaka 2020 unataka mtoto ashike vitu tangu kidato cha kwanza, ila maabara haikuja pamoja na mtaala.

Nikaanza na matoke. Nilinunua ayodini ya vidonda duka la dawa, maana hugeuka bluu ikikutana na wanga, nikaizimua kwa maji mpaka ikawa rangi ya chai isiyo na maziwa, nikaigawa kwa mabomba ya sindano yasiyo na sindano. Kila kundi lilipata kipande cha ndizi mbichi na cha bogoya, ndizi tamu, iliyoiva. Sharti langu lilikuwa moja: hakuna kudondoshea kitu kabla ya kuandika unachotarajia, na kwa nini.

Mbichi ikageuka bluu nzito, karibu nyeusi. Iliyoiva ikabaki na ukahawia wa dawa na mabaka machache. Msichana mmoja akasimama: "Mwalimu, wanga upo, sukari imeuficha." Nilitamani kumjibu palepale. Badala yake nikamuuliza tutajuaje. Darasa likabishana kwa Kiswahili cha sokoni, kelele tele, mpaka likakubaliana: tutie sukari kwenye uji wa mahindi uliopoa, halafu tone la ayodini. Uji ukawa bluu. Akafuta sentensi yake mwenyewe, akaandika kwamba wanga wenyewe umegeuka kuwa sukari ndizi ilipokuwa ikiiva.

Hapo mate, ambayo nayo hugeuza wanga kuwa sukari, yakaingia kirahisi. Uji mwepesi, vuguvugu, vikombe viwili: kimoja na mate, kingine bila. Kila kundi lilitumia mate ya mtu mmoja, na kikombe chake alikishika yeye peke yake. Baada ya muda, ayodini ikatiwa: cha mate hakikugeuka bluu, kingine kikageuka.

Kundi moja tu vikombe vyao vyote viwili viligeuka. Walikuwa wamemimina kwenye vikombe maji ya thamosi yakiwa bado yanafuka moshi, kisha uji ukapoa ukingoja ayodini. Wenzao wakacheka. Nikawaita mbele wasimulie hatua kwa hatua, na kabla hawajamaliza mtu wa nyuma akapaza sauti kwamba moto umeharibu kimeng'enya cha mate, kile kinachovunja wanga. Somo la joto na vimeng'enya nililokuwa nimelipangia wiki iliyofuata likaishia hapo, bila mimi kugusa chaki.