Shemeji yupo?

Bado swali hilo la yule kaka wa huduma kwa wateja linanikereketa. Nimelala nalo, nimeamka nalo, na leo naanika nguo nikajikuta namjibu yule kaka kwa sauti, hadi mwanangu wa mwisho akaniuliza naongea na nani.

Ile intaneti yetu mnaijua. Inakwenda vizuri, ghafla kimya, baada ya muda inarudi yenyewe kana kwamba hakuna kilichotokea. Wiki hii imezidi. Mdogo wangu kaposwa, ofisini tumeletewa bosi mpya, lakini akili yangu yote ilikuwa kwenye taa za ile ruta. Katikati ya kufunga hesabu za mwezi ikakata tena, nikapiga simu huduma kwa wateja.

"Dada, modemu yako naiona huku iko vizuri kabisa."

"Sawa, modemu ni nzima. Ila ikikata, taa za modemu hazibadiliki, ya ruta ndiyo inageuka nyekundu."

Akanyamaza kidogo. "Shemeji yupo hapo nizungumze naye?"

"Hayupo, yuko kazini."

"Basi akirudi mwambie atupigie. Kwa sasa zima vyote, halafu uwashe tena."

Hakunifokea. Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole huo ndio unaoniuma zaidi. Akaunti ni ya jina langu, na alilisoma mwenyewe mwanzo wa simu. Aliyeona taa ikigeuka ni mimi. Baba watoto anaondoka kabla hakujapambazuka na kurudi usiku. Hiyo taa nyekundu hajawahi hata kuiona. Sasa angemweleza nini?

Tena jibu nilikuwa nimeshampa. Modemu ndiyo inayoongea na laini ya nje. Ruta inapokea kutoka kwa modemu, kisha inagawa ndani ya nyumba. Modemu ikibaki na taa zake zote huku ruta inalia, basi mara nyingi tatizo limeshavuka modemu: liko kwenye ruta yenyewe au kwenye kebo inayoviunganisha. Yeye kule kwenye skrini yake anaishia kwenye modemu, haoni zaidi ya hapo. Jicho lake pekee ndani ya nyumba hii lilikuwa mimi, naye akaniulizia mtu mwingine.

"Shemeji yupo hapo?" Nimelirudia kwa kila sauti. Labda ni mazoea tu. Labda alikuwa na foleni ya simu. Nikimpa udhuru huo napoa, halafu nikikumbuka kale kanyamazo kake kabla ya kuuliza, moto unawaka upya.

Usiku watoto walipolala nikakaa na laptopu. Kwanza nikaiachia amri ya ping, ile inayobisha hodi kwenye anwani na kusubiri jibu, kwenye madirisha mawili, moja ikienda kwa ruta, 192.168.1.1, nyingine ikienda nje, kwenye seva ya Google, 8.8.8.8. Ilipokata, ruta iliendelea kujibu bila kuruka hata mara moja, ya nje ikafa. Kwa hiyo waifai haina kesi, na wale wote mnaoniambia nihamishe ruta kwenye kona nyingine, asanteni, lakini siyo hiyo. Kisha nikachomoa ruta, nikachomeka laptopu moja kwa moja kwenye modemu kwa kebo nyingine. Hapo kuna kitu wengi hawaambiwi: modemu nyingine hushikilia kifaa cha kwanza ilichokutana nacho, kwa hiyo ukibadilisha kifaa lazima uizime na kuiwasha ndipo ikubali kipya. Nikafanya hivyo, nikafunga hesabu zangu zote usiku ule, haikutetereka.

Nikarudisha ruta na kebo yake ya zamani, nikafungua ukurasa wa ruta wenye kumbukumbu za matukio. Zimejaa mistari ya mlango wa intaneti, yaani lile tundu la kebo itokayo kwenye modemu: umekatika, umerudi, umekatika. Kasi nayo inayumba, mara megabiti 1000 kwa sekunde, mara 100. Nilipoona 100 nikasimama. Kebo ile ina nyaya 8 zilizosokotwa jozi 4. Megabiti 100 zinapita kwenye jozi 2 tu, lakini 1000 zinataka zote 4. Ukiona kasi imeporomoka hivyo, shuku jozi moja haishiki.

Nikavuta meza. Kebo fupi, haifiki hata mkono wangu, ambayo hakuna mtu anayeitazama. Kile kimdomo cha plastiki kwenye kichwa chake, kinachotakiwa kulia "tki" kikiingia, kilikuwa kimekatika. Kichwa kimekaa tu kwenye tundu, hakijashikwa na kitu. Nikakigusa kwa ncha ya kidole, taa ikawa nyekundu. Nikakirudisha, ikawa kijani. Nikaenda nikabamiza mlango wa sebule. Nyekundu. Ndiyo maana ilikuwa inakata zaidi watoto wakitoka shule! Nikachomeka ile kebo nyingine, ikalia "tki", nikabamiza mlango tena na tena, kijani tupu. Nilicheka peke yangu pale sakafuni usiku wa manane, na furaha ile sijui niwaeleze vipi.

Baba watoto alipoamka nikamsimulia yote, na swali la yule kaka pia. Akasema, "Wangenipigia mimi ningekupa wewe simu." Akaendelea kufunga viatu. Nimelishika hilo siku nzima.

Tangu hapo haijakata. Jana jioni tumeongea na baba yangu kwa video, mara ya kwanza picha imetulia mwanzo hadi mwisho. Nimeona simu ameishika kwa mkono wa kushoto muda wote, wa kulia ameulaza pajani, na hata aliposalimiana na wajukuu hakuuinua. Nilipomuuliza akasema ameulalia vibaya. Mama akageuza mazungumzo haraka mno. Baba hawezi kukaa bila kunyoosha nyoosha ule mkono akiongea, nyie mnamjua. Nimeshamtumia kaka yangu ujumbe, kesho asubuhi ampeleke hospitali kabla hajaenda kazini, na asikubali kuambiwa ni uchovu.