Mguu wa matende na pedali ya cherehani

Nina matende mguu wa kushoto, na mimi ni fundi cherehani hapa Tanga. Ukubwa wa mguu nimeuzoea. Kilichokuwa kinanimaliza ni homa: mtoki unatoka kinenani, ngozi inawaka moto, natetemeka huku vitambaa vya wateja vinanisubiri. Siku hizi homa hiyo hainijii ovyo.

Kliniki muuguzi alinichorea. Damu inasukumwa na moyo. Maji ya limfu, yanayovuja kwenye mishipa midogo ya damu na kubaki katikati ya nyama, hayana moyo. Mishipa yake hujikamua yenyewe, kipande kwa kipande, mara kadhaa kwa dakika, na kila kipande kina vali inayozuia maji yasirudi chini. Yanapanda hivyo mpaka karibu na mtulinga, yanamwagika kwenye vena, yaani mshipa unaorudisha damu moyoni. Minyoo ya matende, anayoileta mbu, hukaa humo humo kwenye mishipa ya limfu. Mishipa inatanuka, vali hazifungi tena, maji yanatuama mguuni.

Vidonge tulivyogawiwa kwa kupimwa urefu na kijiti, ugawaji ulioanzia kisiwani Mafia mwaka 2000, huua hasa vijiminyoo vilivyomo kwenye damu, ili mbu asimpelekee jirani. Nilimeza, lakini mshipa uliokwisha kulegea haukazwi na kidonge. Unausaidia kwa nje.

Hapo ndipo pedali inaponifaa. Kigimbi kikijikaza kinaibana mishipa, maji yanapanda. Wenzangu wamefunga mota. Mimi nimekataa, hata kama kazi inachelewa. Nisipokuwa na nguo ya kushona, nainua kisigino na kukishusha hapo hapo nilipoketi. Usiku mguu unalala juu ya mto, na kitanda nimekiinua kwa matofali upande wa miguuni.

Ila kubwa kuliko yote ni beseni. Maji safi yasiyo ya moto, sabuni ya mche, mkono mtupu bila dodoki. Nafungua kila mkunjo, halafu nakausha katikati ya vidole kwa kitambaa laini cha pamba, nikigusa tu bila kusugua. Fangasi wakipasua ngozi pale, bakteria wanaingia, na homa huanzia hapo. Nikiona mpasuko napaka dawa siku hiyo hiyo.

Viatu ananishonea fundi makobazi: vipana, vya wazi, mkanda wa kulegeza jioni mguu unapojaa.